Mwanamke wa Kiti cha Nyuma

Sehemu ya kumi na moja

Nyundo ilikuwa bado juu.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujafika ukurasa huu, sogea nikupe upesi upesi, maana geti liko wazi na kuna mtu kasimama.

Aliyeishika nyundo ni Fundi, mshona nguo, mjane. Kilichokuwa chini ya nyundo ni pikipiki ya marehemu mumewe, usukani umepinda, taa imetoboka kama jicho la samaki aliyechomwa. Mumewe alikuwa bwana mifugo. Mji mzima ulimwita Fahali, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kwenye mtungi, na mtungi wenyewe aliufunga kwa mpira wa tairi kwenye pikipiki yake mwenyewe. Mafahali wa kweli walimtazama kwa kijicho. Ndama wakisikia mlio wa ile pikipiki waliinua masikio, kama watoto wanaojua baba karudi.

Pikipiki yake, mafuta ya ofisi. Gari la ofisi lilikufa zamani likapandishwa juu ya mawe, na kila mtu akaambiwa atumie chake. Ila kuna bwana shamba mmoja alikamatwa amebeba kabati la harusi ya dada yake, kabati la milango mitatu lenye kioo, kwa mafuta hayo hayo ya ofisi. Mkuu wa ofisi akaja juu, akaweka sheria. Ukienda kazini kwa pikipiki yako, funga nyuma, ubavuni mwa kiti, kibao cha bati la njano kilichoandikwa KAZINI. Ukienda kwenye mambo yako, kifungue. Na mwenye kibao asibebe mtu. Atakayebeba, siku hiyo hiyo atafute kazi nyingine.

Fahali alianguka kwenye kona ya machimbo ya kokoto, akafa. Pikipiki ilikutwa haina kibao. Ofisi ikasema alikuwa kwenye mambo yake. Majirani wakaongeza kwamba mambo yenyewe yalikuwa yamevaa gauni jekundu.

Tangu siku hiyo Fundi hakudondosha chozi. Si msibani, si makaburini. "Siwezi kumlilia mtu aliyekufa akipeleka mwanamke," alisema, akarudi kwenye cherehani. Na kesho Mkuu anapeleka neno makao makuu kwamba Fahali alifia kwenye safari binafsi. Neno likishafika huko halirudi. Ndivyo atakavyojulikana na ofisi, na mtaa, na wanawe wawili walioko shuleni.

Ndiyo sababu ya nyundo. Ndipo geti likagongwa, na sauti ikasema: "Mimi ndiye niliyekaa kiti cha nyuma."

Haya, twende.

Fundi aligeuka na nyundo mkononi. Kwa miezi yote ile alikuwa amemchora yule mwanamke kichwani kila alipozima taa. Na majirani walimsaidia kumpamba. Wiki ya kwanza alikuwa na gauni jekundu tu. Wiki ya pili akaota hereni za dhahabu. Mwezi ulipokwisha alikuwa na kiuno cha nyigu na mimba changa.

Aliyesimama getini alikuwa bibi kizee.

Magongo mawili kwapani. Mguu mmoja umefungwa bandeji hadi gotini. Kichwa cheupe kama pamba. Meno mawili, na hayo mawili yalikuwa hayasemezani, moja huku, jingine kule. Gauni kweli lilikuwa jekundu, ila lilishafuliwa likafanana na tofali.

Wifi yake Fundi, dada wa marehemu, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akamtazama mgeni kutoka juu hadi chini, akarudia kutoka chini hadi juu.

"Huyu?" akauliza. "Huyu ndiye hawara?"

"Hawara wa nani, mwanangu?" Bibi akasema. "Mimi hata yule wa ndoa nilimchoka kabla hajafa."

Wifi akaficha uso kwa mwiko. Fundi hakucheka.

"Ingia, Bibi. Kaa."

Bibi alijishusha kwenye kigoda, mguu mbele kama mtu anayepima nguo. Akaangaza angaza uani. Akaiona pikipiki, uso ukachanua.

"Ahaa. Nimepata kweli. Nilikuwa naogopa nimeelekezwa nyumba siyo. Na mwenyewe yuko wapi? Niitieni. Nimepanda magari mawili na huu mguu, sitaki kuondoka sijamwona."

Wifi alimtazama Fundi. Fundi aliitazama ardhi.

"Wanangu wameniambia anaendelea vizuri," Bibi akasema. Sauti yake ilianza kupunguza mwendo. "Kila nikiuliza hospitali, walisema yule baba kapona kabla yako, Bibi, yule ana mwili wa ujana. Nikasema nikipata miguu nitakwenda kumshukuru mwenyewe."

"Alikufa, Bibi," Fundi akasema. "Siku ile ile. Hakufika hospitali."

Bibi hakupiga kelele. Aliyaweka magongo chini taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayelaza watoto. Kisha akajifunika uso kwa upindo wa lile gauni na mabega yake yakaanza kutikisika.

Fundi alimtazama akilia. Nikwambie alichosikia moyoni? Alisikia wivu. Si ule wa hereni na kiuno. Wivu wa machozi. Mtu asiye na undugu naye anamlilia mume wake, na yeye mwenye mume macho yamekauka kama kibanzi.

"Bibi," akasema. "Nieleze. Usinifiche kitu. Ulikuwa unakwenda naye wapi?"

"Kwangu. Kwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wangu alikuwa anazaa tangu alfajiri. Mguu mmoja wa ndama uko nje, mmoja hautaki. Nikatembea mpaka ofisini kwao. Waliniambia mkubwa hayupo. Akatoka huyu baba, anatafuna kitu, akaniuliza mguu upi uko nje, wa mbele au wa nyuma. Nikasema wa nyuma. Akakitema alichokuwa anatafuna. Akachukua kamba na mkoba. Nikamwambia tangulia, mimi nitakuja kwa miguu. Akasema, Bibi, kwako nitapajuaje? Njia zenu zinazaana kuliko ng'ombe."

Wifi alitoa mguno. Ndivyo alivyokuwa akisema kaka yake.

"Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Akasema, Bibi, hairuhusiwi, lakini panda. Wakinifukuza utanilisha. Nikamwambia nitakulisha mpaka uombe kufa." Bibi akajipiga mdomo kwa kidole. "Nilimwambia hivyo. Mpaka uombe kufa. Mdomo wangu huu."

"Endelea, Bibi."

"Tukafika kwenye kona. Lori lilikuwa limemwaga kokoto pale, barabara nzima kama imemwagiwa mahindi. Tukateleza. Hakuna gari lililotugonga, hakuna mtu. Kokoto tu. Mimi nikaingia mtaroni, mguu ukalia kama kuni kavu. Yeye akalala upande wa pili. Alikuwa anapumua. Nilimsikia."

Fundi alipiga magoti mbele ya kigoda. Swali alilokuwa nalo lilikuwa dogo.

"Bibi, nyuma ya pikipiki. Kulikuwa na kibao?"

"Bati la njano?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Hilo bati lilinila goti njia nzima," Bibi akasema, akapandisha gauni upande wa mguu usio na bandeji. "Hili kovu la huku chini ni la ajali. Hili la juu si la ajali. Hili ni la bati. Nilimwambia, baba, hiki kisu chako kitanimaliza kabla hatujafika. Akasema vumilia, Bibi, hiki ndicho kinachonilisha."

Alikuwa kazini.

Neno hilo lilimwingia Fundi taratibu, kama uzi unavyotafuta tundu la sindano. Alikuwa kazini. Alimbeba bibi kizee mwenye ng'ombe. Alikuwa kazini, na yeye mkewe alikaa msibani ameuma meno.

Lakini subiri. Wifi ndiye aliyewahi kuliona swali lililobaki.

"Sasa kama lilikuwepo, lilikwenda wapi?"

"Alilichukua mwizi," Bibi akasema.

"Mwizi gani?"

"Alikuja mtu na baiskeli. Nikasema moyoni, tumepona. Nikamwita, sauti haitoki. Unajua alifanya nini? Hakwenda kwanza kwa mgonjwa. Alipiga magoti nyuma ya pikipiki, akatoa spana mfukoni, akafungua nati za lile bati. Mtu amelala pale na damu, mwenzake anafungua nati. Akalitia kwenye gunia lake. Ndipo akakimbia kusimamisha magari."

"Ulimwona sura?"

"Sura sikuiona, mtaro ulikuwa na kina. Lakini alikuwa analia. Mwizi analia, nimeishi miaka yote hii sijaona. Anafungua nati huku analia, anasema, usilale, Pacha. Pacha, nakuokoa. Pacha, hawatakukuta nacho."

Mwiko wa wifi ulianguka.

Maana duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita Fahali hivyo. Hawakuwa ndugu. Waliajiriwa siku moja, wakapewa mashati yanayofanana, wakacheka, wakaanza kuitana Pacha, basi ikawa hivyo hadi mvi. Dereva wa ofisi. Dereva asiye na gari, aliyekuwa akitumwa kwa baiskeli. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwani. Ndiye aliyekuja kila wiki kumkazia Fundi mkanda wa cherehani na kuwauliza watoto habari za shule.

Na ile nyundo, msomaji wangu, ilikuwa yake. Alimwazima jana. Akauliza ya nini, akajibiwa ni ya msumari.

"Kuna mtu yeyote wa ofisini aliyewahi kukuuliza habari hizi?" Fundi akamuuliza Bibi, huku anajifunga kitambaa kichwani, nyundo kaibana kwapani.

"Nani amuulize kikongwe?"

"Na ng'ombe?" Wifi akauliza. "Alikufa?"

Bibi akatazama pembeni.

"Hilo ndilo nililokuwa naomba msiniulize," akasema. "Alijizalia mwenyewe. Majirani walimkuta kasimama, anamlamba ndama. Hakuhitaji mtu."

Fundi aliwapa mgongo, akaelekea getini. Kisha akatoka.

Alipita mtaa mzima bila kukumbuka kwamba ana nyundo mkononi. Watu walimpisha. Kinyozi aliingia ndani na kumwacha mteja na nusu ya ndevu. Muuza maji alimwamkia salamu ile ile mara mbili. Mpaka kwenye uzio wa ofisi, ambapo mlinzi aliitazama nyundo, akamtazama usoni, akaamua kwamba siku hiyo kazi yake ni kufungua geti tu.

Dereva alikuwa anaosha gari.

Ndiyo, lile lile la juu ya mawe. Kuku wa mlinzi alikuwa akitagia penye injini, lakini Dereva alilisugua kila wiki, vioo, milango, mpaka vifuniko vya magurudumu yasiyokuwepo.

"Shemeji," akasema, akikausha mikono kwenye suruali. "Msumari umekushinda?"

Fundi aliiweka nyundo juu ya boneti.

"Pacha wako ulimwokoaje?"

Dereva hakuuliza nani kasema. Hakusema hapana. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitambaa kinadondosha maji katikati ya viatu vyake.

"Alikuwa anapumua, shemeji," akasema.

"Nimeambiwa."

"Mtu akipumua huwazi kaburi. Unawaza kazi yake. Nilimwona pale, nikamwona yule mama mtaroni, nikakiona kibao. Nikasema wakimkuta na kibao na abiria, keshafukuzwa huku amelala. Bila kibao ni mtu na safari zake, atashonwa, atapona, atarudi kazini akichechemea. Tutamcheka. Nilimtoa kazini ili abaki na kazi. Umenielewa?"

"Nakuelewa."

"Kisha akafa. Tuko kwenye gari la watu, kichwa chake kiko hapa." Alionyesha paja. "Akafa, na mimi nina lile bati kwenye gunia. Nilirudishe wapi? Kwa nani?"

"Kwangu."

Dereva akainamisha kichwa.

"Wanawake wa mtaani walimvisha hereni yule kikongwe," Fundi akasema. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Walimpa mimba. Ulisikia?"

"Nilisikia, shemeji."

"Ulisikia, ukaja kwangu kila wiki kunikazia mkanda. Ulinikuta nimekaa sina chozi, ukakaza mkanda ukaenda zako."

"Ningekuambia nini?"

"Maneno mawili. Alikuwa kazini. Hayo tu. Ningemlilia mume wangu siku ile ile watu wanapoliliwa."

Dereva alikunja kile kitambaa, akakikamua, hata maji yalipokwisha akaendelea kukikamua.

"Nikisema, shemeji, mimi nastaafu mwisho wa mwaka huu. Nimedanganya kwenye kifo cha mtu. Wataniondoa hivi nilivyo, bila kiinua mgongo."

"Mimi waliniondolea hata haki ya kulia. Simama twende juu."

"Subiri. Kuna jambo."

"Jambo gani? Na pale konani ulikuwa unafuata nini na baiskeli?"

"Nilikuwa nawafuata wao. Nilitaka nimwombe amshushe yule mama."

"Kwa nini?"

Dereva aliinua macho kutazama ghorofa ya juu, akayashusha.

"Hilo usiniulize hapa," akasema. Lakini alisimama.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa penseli. Alizipanga mezani kwa urefu kama watoto wa darasa la kwanza, zote zimechongwa, na alipokusikiliza alichonga nyingine. Aliwakaribisha vizuri. Alimpa Fundi kiti chenye mto. Akamsikiliza mpaka mwisho, bibi, ng'ombe, kibao, spana, bila kumkatisha hata mara moja, na vipande vya mbao vikimdondokea kwenye karatasi.

Alipomaliza, Mkuu akaweka kichongeo chini.

"Dereva," akasema kwa upole. "Ni kweli ulifungua kibao cha ofisi kwenye pikipiki ya marehemu?"

Fundi alimgeukia Dereva. Hakuwa na wasiwasi. Mtu keshasema chini, atashindwaje juu?

Dereva alitazama penseli. Alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Hapana, Mkuu," akasema. "Nilikuta pikipiki haina kitu."

Unaweza kusema mengi juu ya mtu kama huyo, na najua unayasema sasa hivi huko ulipo. Fundi hakusema hata moja. Alimtazama tu, na Dereva akawa anapungua ndani ya shati lake.

"Umesikia, mama," Mkuu akasema. "Pole sana. Yule bibi ameumia, ameanguka vibaya, mtu akianguka hivyo kumbukumbu zinachanganyika. Na hata tuseme ni kweli. Basi mumeo alibeba abiria kinyume cha amri yangu. Unataka nipeleke hilo makao makuu? Lina faida gani kwako?"

"Peleka," Fundi akasema. "Sema alimbeba bibi kizee."

"Mama."

"Sema alimbeba kikongwe mwenye meno mawili, anakwenda kumtoa ndama. Sema hivyo hivyo, na jina lake."

"Siwezi kusema jambo lisilo na shahidi."

Fundi alifungua mdomo ajibu. Jibu alikuwa nalo, kali, lenye ncha kuliko penseli zote za pale. Lakini lilipofika kooni lilikutana na kitu kingine kilichokuwa kinapanda.

Kwanza ilikuwa kama kwikwi. Akaweka mkono kifuani, akidhani kitapita. Hakikupita. Akainama. Kisha Fundi, aliyekaa siku zote za msiba kama sanamu la mchonga vinyago, aliteleza kwenye kile kiti chenye mto mpaka sakafuni, na akalia.

Alilia kama mtu anayetapika. Alilia kwa sauti hata karani wa chumba cha pili akaacha kupiga chapa, na aliyekuwa ngazini akarudi chini. Alilia ya msibani, akalia ya makaburini, akalia ya kila usiku aliompa mwenzake mgongo hali mwenzake yuko udongoni. Wenye kusema maji yalipita chini ya mlango wa Mkuu mpaka ukumbini wanaongeza chumvi. Lakini karani anaapa kwamba alipangusa pale kwa kitambaa.

Mkuu alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Mama, sasa unalia nini? Miezi yote hii hukulia."

"Nimefiwa," Fundi akasema.

"Najua, mama, lakini..."

"Hujui. Nimefiwa leo. Nilikuwa na mume. Alitoka asubuhi, akaniambia suruali yake ina tundu, nikamwambia utanikumbusha jioni. Akaenda kazini akafa." Alipumua, akapata pumzi kidogo tu. "Nilimzika kwa hasira. Watu walinipa udongo niutupe, nikautupa kama ninampiga. Na alikuwa hajanifanya kitu. Alikuwa hajanifanya kitu, Mkuu."

Akaendelea kulia. Hakuwa anaomba tena. Alichokijia pale alikuwa amekwisha kukipata uani kwake, kwenye goti la yule kikongwe, na hakuna makao makuu yatakayomnyang'anya. Lakini wanawe je? Wao watamsoma baba yao kwa neno la nani?

Mkuu alipiga kengele ya karani. Karani hakuja. Alikuwa naye analia nyuma ya mlango, na huyu hakuwa hata amefiwa.

"Dereva," Mkuu akasema. "Msaidie mama ashuke."

Dereva alisimama. Alimpita Fundi pale sakafuni bila kumgusa. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, na Mkuu akashusha pumzi, akidhani mtu huyu anakwenda kumwita mlinzi.

Dereva alimwambia karani, kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, tupishe kidogo." Akaufunga mlango. Akazungusha ufunguo mara mbili, akautoa, akautia kwenye mfuko wa shati.

"Unafanya nini?" Mkuu akauliza.

"Kaa, Mkuu."

"Dereva, nimekuuliza unafanya nini."

"Kaa. Mimi nimesimama mbele yako tangu nina nywele nyeusi. Leo kaa wewe unisikilize."

Mkuu alikaa. Sijui kwa nini. Nadhani hata yeye hajui.

"Kibao nilikitoa mimi," Dereva akasema. "Nimekataa sasa hivi hapa, nimedanganya, na mama huyu kaniona nikidanganya. Kiko kwangu, kimefungwa kwenye gunia, nitakileta kabla kazi hazijafungwa. Mnifanye mnavyotaka. Hilo langu limekwisha."

Fundi aliinua uso. Ulikuwa umelowa mpaka shingoni.

"Sasa tuje kwako," Dereva akaendelea. "Yule bibi aliambiwa hupo. Ulikuwepo. Pacha wangu alipowasha pikipiki, na yule bibi anapanda nyuma yake, wewe ulifungua hilo dirisha ukaongea naye. Bibi hakukusikia, masikio yake ni ya uzee na injini ilikuwa inanguruma. Mimi nilikuwa uani, chini ya dirisha lako, na ndoo yangu. Nilisikia kila neno. Hayo maneno ndiyo yaliyonipandisha baiskeli, na ndiyo yaliyoitoa spana mfukoni mwangu."

Penseli ilibingirika mezani, ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.

"Mwambie mjane wake, Mkuu. Mwambie wewe kwa mdomo wako, au nitamwambia mimi. Ulimwambia nini Pacha wangu?"

Mkuu alisema hakumbuki dirisha lolote. Alilisema vizuri, bila kigugumizi. Ila macho yake, kabla hajawahi kuyazuia, yalikuwa yamekwisha kwenda kulitazama.